Rikidozan: Shujaa wa Japani aliyeificha Korea ndani ya jina lake

Usiku wa tarehe 15 Desemba 1963, katika hospitali moja jijini Tokyo, alifariki dunia mwanamieleka ambaye sura yake ilijulikana katika karibu kila nyumba ya Japani iliyokuwa na televisheni. Alikuwa na umri wa miaka 39. Siku saba kabla ya hapo alikuwa amechomwa kisu tumboni katika klabu ya usiku, na jeraha ambalo mwanzoni halikuonekana la kutisha likageuka kuwa kifo. Wajapani walimlilia kwa jina la Rikidozan. Wengi wao hawakujua kwamba waliyekuwa wakimlilia alizaliwa Korea, na kwamba mama yake alimpa jina la Kim Sin-rak.

Mieleka ya kulipwa ina wapenzi wengi Afrika Mashariki. Kutoka vijiji vya Sop Sop, wilayani Tororo, hadi vibanda vya video vya Busia pande zote mbili za mpaka, vijana hulipa kiingilio ili kuwatazama majitu ya Marekani yakirushana ulingoni, na huko Mukono wapo Waganda walioanzisha mieleka yao wenyewe juu ya udongo laini. Ila ni wachache waliopata kusimuliwa habari za mtu aliyeifanya mieleka kuwa biashara kubwa ya televisheni barani Asia: mpiganaji aliyegeuka kuwa promota, mkufunzi, meneja na tajiri, na ambaye katika safari hiyo yote alibeba siri iliyohusu mpaka na asili.

Kwa msomaji wa Busia, siri hiyo haihitaji maelezo marefu. Wasamia wako Kenya na wako Uganda. Wateso vivyo hivyo. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya, na watu waliolala katika nchi moja wakaamka katika nyingine. Korea nayo ilichorewa mstari na wageni, ingawa mstari wake umekuwa mkali zaidi.

Kijana wa mieleka ya kijijini

Kim Sin-rak alizaliwa tarehe 14 Novemba 1924 katika mkoa wa Hamgyong Kusini, ambao leo uko Korea Kaskazini. Wakati huo hapakuwa na Kaskazini wala Kusini. Korea nzima ilikuwa koloni la Japani tangu mwaka 1910. Mieleka ya jadi ya Wakorea, iitwayo ssireum, ilikuwa mchezo wa sikukuu na mavuno, na kijana huyu alijipatia sifa akiwa bado barubaru. Mjapani mmoja aliyekuwa akitafuta vijana wenye nguvu kwa ajili ya sumo, mieleka ya jadi ya Japani, akamwona na kumchukua.

Mwaka 1940 alipanda ulingo wa sumo kwa mara ya kwanza akiwa chini ya nyumba ya mafunzo ya Nishonoseki. Hapo ndipo alipopewa jina la ulingoni, Rikidozan. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwashurutisha Wakorea kuchukua majina ya Kijapani. Kwa kijana huyo, kubadili jina hakukuwa jambo la ajabu. Lilikuwa jambo la siku hizo. La ajabu ni kwamba hata baada ya ukoloni kuanguka, jina la zamani halikurudi.

Maisha ya mwanafunzi wa sumo yalikuwa magumu. Aliye chini huamka kabla ya alfajiri, hufagia, hupika, husugua migongo ya wakubwa, na hupigwa kwa fimbo akizembea. Mkorea aliongezewa matusi juu ya hayo. Hata hivyo Rikidozan alipanda ngazi moja baada ya nyingine, akaingia daraja la juu baada ya vita, na mwaka 1949 akafikia cheo cha sekiwake, ambacho ni cha tatu kutoka juu. Kisha, mwaka 1950, akiwa bado na nguvu zake, alichukua kisu na kujikata mwenyewe shungi la nywele ambalo ni alama ya mwanasumo. Kwa desturi, shungi hukatwa katika sherehe, mbele ya walimu na wafadhili. Kulikata kwa mkono wako mwenyewe ni kuufunga mlango na kutupa ufunguo. Sababu zilizotajwa ni ugomvi wa fedha na wakuu wake, na hisia kwamba asili yake ilikuwa ikimzuia kupanda.

Somo la Hawaii

Aliyemkinga na njaa baada ya hapo alikuwa mkandarasi wa ujenzi, Nitta Shinsaku, aliyempa kazi katika kampuni yake. Tokyo ilikuwa bado ikijengwa upya baada ya mabomu ya Wamarekani, na kazi zilikuwepo. Mwaka 1951 kikundi cha wanamieleka wa Marekani kikafika Japani kwa maonyesho ya hisani, na wenyeji wachache wakaalikwa kujaribu. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo Rikidozan alipambana na Mmarekani Bobby Bruns kwa dakika kumi, wakatoka sare. Dakika hizo kumi zilimwonyesha njia.

Mwaka uliofuata alikwenda Hawaii kujifunza. Huko alifundishwa na Oki Shikina, mwanamieleka mwenye asili ya Japani, kisha akapigana katika kumbi za Marekani bara. Alijifunza mishiko na kuanguka, lakini alijifunza pia jambo ambalo wapiganaji wengi hawalitazami: namna mapambano yanavyouzwa. Mieleka ya kulipwa, tofauti na ile ya Olimpiki, ni mchezo ambao matokeo yake hupangwa kabla. Kinachouzwa ni hadithi, yaani nani mwema, nani mwovu, nani ameonewa na lini atalipiza. Mapromota wa Marekani walikuwa wakiwapa Wajapani nafasi ya mwovu, mtu mwenye hila anayerusha chumvi machoni. Rikidozan aliitazama hadithi hiyo akaona kwamba ikipinduliwa na kupelekwa Tokyo, itakuwa dhahabu.

Aliporejea mwaka 1953 alisaidia kuanzisha Chama cha Mieleka ya Kulipwa cha Japani, kwa msaada wa Nitta na wanasiasa na wafanyabiashara wenye nguvu. Bahati nayo ilikuwa upande wake, kwani mwaka huohuo televisheni ilianza nchini humo. Shirika la utangazaji la umma, NHK, lilianza mwezi Februari likiwa na watazamaji 866 tu waliojiandikisha. Kituo cha kibiashara cha Nippon Television kilifuata mwezi Agosti. Televisheni moja iligharimu kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida asingeweza kukimudu, kwa hiyo Nippon Television ikaweka televisheni kwenye vituo vya treni, viwanja na pembe za barabara, ili umma utazame bure na matangazo ya biashara yapate macho.

Usiku ambao barabara zilijaa

Tarehe 19 Februari 1954, Rikidozan na Kimura Masahiko, bingwa mkubwa wa judo, waliingia ulingoni katika ukumbi wa Kuramae kupambana na ndugu wawili, Ben na Mike Sharpe, mabingwa wa dunia wa mieleka ya watu wawili wawili. Nje, mbele ya televisheni za barabarani, maelfu ya watu walisongamana hadi magari yakakosa pa kupita. Walichokiona kiliwasisimua kuliko mchezo wowote waliopata kuutazama. Wazungu wawili warefu waliwaonea Wajapani wawili wafupi, hadi Rikidozan alipochoka kuvumilia na kuanza kuwashambulia kwa pigo lake maarufu la ubavu wa kiganja, lililowadondosha wageni mmoja baada ya mwingine. Matokeo rasmi yalikuwa sare, lakini hakuna aliyerudi nyumbani akifikiria sare.

Ilikuwa imepita miaka minane na nusu tu tangu Japani isalimu amri, na chini ya miwili tangu majeshi ya Marekani yalipomaliza kuitawala. Taifa lililoshindwa lilikuwa na kiu ya kumwona Mmarekani akianguka, na Rikidozan aliwapa hicho kila wiki. Chini ya hadithi hiyo mlikuwa na kinaya ambacho watazamaji hawakukijua. Ndugu Sharpe, waliotangazwa kama Wamarekani, walitoka Kanada. Na Mjapani aliyelirudishia taifa heshima yake alikuwa Mkorea, mwana wa watu ambao Japani iliwatawala kwa miaka 35.

Mwaka huo haukwisha bila doa. Kimura, aliyekuwa amemshinda Helio Gracie nchini Brazil mwaka 1951 na ambaye Wajapani wengi walimwona kuwa mpiganaji wa kweli kuliko wote, hakufurahia kuwa mtu wa pili aliyepigwa ili mwenzake aje kumwokoa. Akamwita Rikidozan kwenye pambano la ubingwa. Tarehe 22 Desemba 1954 walikutana. Kimura alisema baadaye kwamba walikuwa wamekubaliana kutoka sare. Katikati ya pambano, Rikidozan aliuacha mpango na kuanza kupiga kwa dhati, mapigo ya mikono na mateke, hadi mwenzake akaanguka akivuja damu na asiweze kuinuka. Rikidozan alidai kwamba Kimura ndiye aliyeanza kwa teke chini ya mkanda. Vyovyote ilivyokuwa, usiku huo ulionyesha upande wake mwingine. Mtu aliyejenga biashara juu ya makubaliano alikuwa tayari kuyavunja pale ufalme wake ulipoguswa.

Kutoka ulingoni hadi ofisini

Baada ya hapo hapakuwa na mpinzani wa ndani. Rikidozan alikuwa mpiganaji mkuu wa chama, na pia ndiye aliyeamua nani aletwe kutoka ng'ambo, nani apande, nani ashuke na nani alipwe nini. Mwezi Oktoba 1957 alimleta Lou Thesz, bingwa wa dunia kutoka Marekani, wakapambana kwa dakika 60 bila mshindi mbele ya maelfu ya watu katika uwanja wa besiboli wa Korakuen. Vipimo vya watazamaji vya wakati huo vilionyesha kwamba televisheni 87 katika kila 100 zilikuwa zimefunguliwa kwenye pambano hilo. Mwezi Agosti 1958, mjini Los Angeles, alitangazwa kumshinda Thesz na kurejea nyumbani na taji la kimataifa, ambalo liliendelea kupiganiwa Japani hata baada ya yeye kufa.

Kampuni ya Mitsubishi Electric ilidhamini kipindi cha mieleka cha usiku wa Ijumaa, na familia zilizoanza kuwa na fedha zikanunua televisheni ili wasikikose. Rikidozan aliwekeza mapato yake katika majengo ya kupangisha, klabu ya usiku na miradi mingine, na mwaka 1961 akafungua Jumba la Michezo la Riki katika mtaa wa Shibuya, lenye ukumbi wake mwenyewe wa mapambano. Tarehe 24 Mei 1963, pambano lake dhidi ya Mmarekani aliyevaa kinyago, The Destroyer, lilipata asilimia 64 ya watazamaji, na hadi leo limo katika orodha ya vipindi vilivyotazamwa zaidi katika historia ya televisheni ya Japani.

Biashara ya namna hiyo haikuwa safi kabisa. Katika Japani ya wakati huo, aliyetaka kuandaa maonyesho katika miji mbalimbali alilazimika kuelewana na magenge ya yakuza, yaliyodhibiti kumbi, tiketi na usalama wa milangoni. Rikidozan aliishi kati ya watu hao, akala nao, akanywa nao na akagombana nao. Alikuwa na hasira za haraka, na pombe haikuzipunguza.

Wanafunzi watatu

Kama meneja, jicho lake halikukosea. Mwaka 1960, akiwa katika ziara ya Brazil, alikutana na kijana wa miaka 17 aliyekuwa amehamia huko na familia yake na kufanya kazi ngumu ya mashambani. Akamrudisha Japani na baadaye dunia ikamjua kwa jina la Antonio Inoki. Mwaka huohuo alimpokea Baba Shohei, mrushaji mpira wa zamani wa timu ya besiboli ya Yomiuri Giants, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliyekuja kuitwa Giant Baba. Wote wawili walipanda ulingoni kwa mara ya kwanza siku moja, tarehe 30 Septemba 1960.

Wa tatu alikuwa na historia ambayo mwalimu wake aliielewa kuliko alivyoweza kusema hadharani. Kim Il alikuwa Mkorea aliyesoma habari za Rikidozan magazetini, akavuka bahari kuingia Japani bila kibali ili amtafute, akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Rikidozan alitumia marafiki zake wa kisiasa kumtoa, akamchukua kuwa mwanafunzi na kumpa jina la Kijapani la ulingoni. Wanafunzi wote walisimulia baadaye jinsi alivyowafundisha kwa kipigo, kama yeye alivyofundishwa katika sumo. Inoki alitumwa kama mtumishi na kutukanwa mbele za watu. Ukali huo ulizaa mabingwa, lakini pia ulizaa majeraha waliyoyabeba hadi uzeeni.

Siri na gharama yake

Wasifu rasmi wa Rikidozan ulisema kwamba alizaliwa Omura, mkoani Nagasaki, na kwamba jina lake ni Momota Mitsuhiro. Hati za kiraia zilirekebishwa kukubaliana na maneno hayo. Waandishi wa habari za mieleka walioujua ukweli walinyamaza. Si vigumu kuelewa kwa nini. Mwaka 1952, mkataba wa amani ulipoanza kutumika, Wakorea waliobaki Japani walipoteza uraia wa nchi hiyo na kugeuzwa wageni katika miji waliyoishi kwa miaka mingi. Kupata kazi, nyumba au mchumba kulikuwa na vikwazo kwa mwenye jina la Kikorea. Shujaa wa taifa angewezaje kuwa mmoja wao? Hadithi nzima aliyoiuza ingeporomoka, na pamoja nayo riziki ya wote waliomtegemea.

Wakati huohuo, nchi alikozaliwa ilikuwa imegawanyika. Kijiji chake kilikuwa kaskazini ya mstari, nyuma ya vita vilivyodumu tangu 1950 hadi 1953, na huko alikuwa na jamaa, akiwemo binti aliyekua mbali na baba yake. Japani haikuwa na uhusiano wa kibalozi na upande wowote wa Korea. Na Kusini ulirejeshwa mwaka 1965, naye akiwa kaburini. Mwezi Januari 1963 alikubali mwaliko wa serikali ya Korea Kusini na kwenda Seoul bila kutangaza sana. Alipelekwa hadi Panmunjom, kwenye mstari wa kusitisha mapigano, mahali pa karibu zaidi na nyumbani kwao ambapo angeweza kufika. Gazeti moja la Tokyo lilipoiandika safari hiyo kama kurudi katika nchi ya asili, alikasirika mno. Aliyekuwa amefika kwenye ukingo wa nyumbani kwao hakuweza kuruhusu wengine waseme kwamba ni kwao.

Kisu cha Akasaka

Mwezi Juni 1963 alioa kwa sherehe kubwa iliyohudhuriwa na vigogo wa siasa na biashara. Miezi sita baadaye, usiku wa tarehe 8 Desemba, alikuwa katika klabu ya New Latin Quarter mtaani Akasaka. Karibu na choo aligombana na kijana mmoja wa genge la Sumiyoshi, wakisemekana kukanyagana miguu. Rikidozan alimwangusha na kumpiga. Kijana yule, akiwa chini, alichomoa kisu na kumchoma tumboni.

Alifanyiwa upasuaji, na kwa siku chache ilidhaniwa kwamba atapona. Kisha maambukizi yakaenea katika utando wa ndani ya tumbo. Tarehe 15 Desemba alifanyiwa upasuaji wa pili, na usiku huo akafa. Aliyemchoma alihukumiwa kifungo.

Kuliko na jina, kuliko na asili

Chama alichokijenga kilidumu miaka kumi tu baada yake. Mwaka 1972 Inoki na Baba walianzisha kila mmoja kampuni yake, New Japan na All Japan, ambazo zinaendelea hadi leo, na mwaka uliofuata chama cha zamani kikafungwa. Inoki ndiye aliyempambanisha mpiga mieleka na bondia alipokutana na Muhammad Ali jijini Tokyo tarehe 26 Juni 1976. Kim Il alirudi Korea Kusini na kuwa huko kile ambacho mwalimu wake alikuwa Japani.

Ukweli kuhusu Rikidozan ulitokeza polepole katika miaka iliyofuata. Mwezi Aprili 1995 Inoki aliandaa mapambano ya siku mbili mjini Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, akiwaleta wanamieleka wa Japani na Marekani mbele ya umati mkubwa katika Uwanja wa Mei Mosi. Mlango huo ulifunguka kwa sababu ya mwalimu wake: Kaskazini ilikuwa imekwisha kumtambua Rikidozan kuwa mwana wake. Kusini nayo ilishiriki kutengeneza filamu ya maisha yake, iliyotoka mwaka 2004. Na Japani, ambako amezikwa katika hekalu la Ikegami Honmonji jijini Tokyo, chini ya sanamu yenye mikono iliyokunjwa kifuani, haijaacha kumhesabu kuwa baba wa mieleka yake.

Nchi tatu leo zinamdai mtu mmoja. Alipokuwa hai, hakuna hata moja kati yake ambayo angeweza kuishi ndani yake kwa jina alilopewa na mama yake.